Bendera Kwenye Shuka

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: nilimwonea yule kijana wivu. Si ule wivu mdogo wa kutamani kikwembe kipya alichojifunga jirani ukakisahau ukifika nyumbani. Huu niliamka nao, nikaenda nao kazini, nikarudi nao, hadi nikasahau kutia chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wanne, mwalimu wa darasa la sita kwa miaka tisa katika shule moja ya Ibanda, hapa Bukavu, wakati nchi ilipokuwa inaitwa Zaire.

Asiyejua shule zetu za wakati ule atashangaa kusikia mtu anajivunia darasa. Lakini la sita ndilo lilikuwa darasa la mtihani wa serikali. Mtoto akifaulu, sifa zilikuwa za mwalimu. Akianguka, wazazi walikufuata hadi nyumbani. Sokoni Kadutu wanawake waliacha wateja wao wakaniita, "Maman wa siziemu, kuja huku," yaani wa la sita, wakanichagulia nyanya ngumu, zile ambazo hazijabonyezwa na kila mpita njia. Mume wangu alikuwa karani wa posta, mtu mwenye heshima zake, lakini kanisani walimtambulisha kama bwana wa yule mwalimu wa la sita. Alinuna kidogo, kisha akazoea.

Na katika darasa la sita, somo langu hasa lilikuwa nuru. Wiki ya somo hilo nilifika shuleni kabla ukungu wa ziwa haujapanda, nikatoa chaki za rangi nilizozificha ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikaanza kuchora kwenye tablo. Upande wa kushoto mshumaa, umesimama wima. Katikati kisanduku chenye tundu dogo. Upande wa kulia mshumaa uleule, mdogo zaidi, mwali wake ukiangalia chini. Mistari myekundu ilitoka juu na chini ikakutana tunduni na kupishana, na sikuwahi kufuta hata mstari mmoja. Direkta, mkuu wa shule, alileta wageni waone. Watoto walinakili, kisha tukakariri pamoja: picha ni ndogo, picha imepinduka. Hakuna aliyeruhusiwa kuifuta kabla ya Jumamosi. Hata fishi zangu, zile karatasi ambazo kila mwalimu alipaswa kuandika somo lake hatua kwa hatua ili direkta atie sahihi kabla ya kengele, walimu wapya walipewa waige.

Huyu kijana naye alipewa aige. Alikuja Septemba moja kutoka Mudaka, ametoka tu kumaliza masomo ya ualimu, amevaa abakosti, koti la heshima la wakati ule, iliyomzidi mabega. Alizisoma fishi zangu zote, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Aksanti sana, Maman. Ziko na mwandiko muzuri." Mwandiko. Nilifundisha miaka tisa ili nisifiwe mwandiko.

Alipewa darasa la tano. Kati ya darasa lake na langu kulikuwa na ukuta wa mbao usiofika juu kwenye dari, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Na nilichosikia ni kicheko. Si fujo, maana fujo ningeipenda, ningekwenda kushtaki. Watoto walicheka halafu wakanyamaza wote kwa pamoja, na katika ule ukimya sauti yake ilisema taratibu, "Sasa angalia tena." Kwangu watoto hawakuwa wanacheka. Kwa miaka tisa niliona hiyo ndiyo sifa yangu.

Binti yangu wa mwisho alikuwa kwake. Siku moja alirudi nyumbani, akaweka sarafu ndani ya bakuli langu la udongo, akaniambia nirudi nyuma polepole hadi nisiione. Nikarudi. Akamimina maji. "Maman, unaiona sasa?" Niliiona, imejitokeza yenyewe kwenye ukingo wa bakuli. "Haikutembea," akasema. "Ni nuru njo imejikunja." Nikamuuliza nani kamfundisha, ingawa nilijua. "Sitwayen," akasema. Wakati ule bwana na madame yalikuwa maneno ya kukatazwa. Wote tulikuwa Sitwayen na Sitwayene, wananchi. Lakini mtoto wangu alipolitamka neno hilo, nyumbani kwetu kulikuwa na Sitwayen mmoja tu.

Basi ikawa kila siku. Leo tone la maji juu ya kipande cha plastiki, herufi za gazeti zinanenepa. Kesho fimbo ndani ya glasi, imevunjika bila kuvunjika. Kijitundu kwenye kopo, karatasi iliyopakwa mafuta, na mtoto wangu akizunguka uani na kopo usoni akigonga ndoo. Nilimwambia aache upuuzi akariri somo. Akanijibu kwa adabu yote, "Lakini Maman, hii siikariri. Nimeiona." Nilimpa kazi ya kuosha sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Siku ya vioo ndiyo iliyonimaliza. Aliwaambia wasichana walete vile vioo vidogo vya mkobani, akawapanga kutoka uani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi ndani. Wa kwanza akalikamata jua akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, jua likapiga kona kama mtu anayejua njia. Likapita juu ya ukuta wa mbao likatua kwenye dari yangu. Nilikuwa katikati ya kuchora jicho kubwa lenye rangi nne, mchoro wangu mwingine wa somo la nuru. Nikageuka nikakuta vichwa vyote vya darasa langu vimeinuka juu, midomo wazi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiangalia tablo. Nikapiga mbao kwa rula, mara tatu. "Samahani, Maman," sauti yake ikasema ng'ambo, na jua likaondoka. Niliuchukia hata ule upole wake. Mtu akikukosea kwa ukali unapata pa kushika.

Baada ya Pasaka direkta alituita wote wawili. Alikuwa mtu mwema, mwoga wa karatasi za wakubwa. Akasema enspekta anakuja baada ya wiki mbili, ataangalia somo la nuru katika la tano na la sita, na kwamba mwaka ujao la sita atalichukua yule ambaye enspekta atamwona anafaa. Alisema hivyo akiwa anaangalia kalamu yake. Nikaelewa kwamba yeye na enspekta tayari wameongea. Kijana akashtuka, akasema, "Lakini la sita ni ya Maman." Nilitamani kumtwanga. Alikuwa ananipa darasa langu kama mtu anayekupisha kwenye kiti.

Kutoka siku ile sikuwa na jingine akilini. Miaka tisa, na wale wanawake wa Kadutu, na jina langu kanisani, vyote vilining'inia kwenye asubuhi moja ya enspekta. Nilichora upya michoro yote kwenye daftari. Nilinunua chaki ya zambarau. Na ng'ambo ya mbao walicheka.

Ilikuwa Jumatano, jua kali limefuata mvua. Nilisikia meza zinaburutwa, kisha vifijo, kisha kicheko kikubwa kuliko vyote. Nikatupa chaki nikaenda. Madirisha ya la tano yalikuwa yamefunikwa na mablanketi ya nyumbani kwa watoto, giza tupu. "Ingia, Maman, funga mulango mbio," akasema. Nikafunga. Nikasimama pale nikiwa na maneno makali mdomoni, macho yakazoea giza, nikaona.

Alikuwa ametundika shuka lake la kitandani ukutani. Kwenye blanketi la dirisha aliacha kipande cha karatasi ngumu chenye tundu, si kubwa kuliko punje ya mtama. Na juu ya lile shuka ulikuwapo uwanja wetu wote. Si mchoro. Uwanja wenyewe, na rangi zake: mti wa avoka unatikisa majani, mama muuza maandazi anapita na beseni lake, mbingu ya buluu iko chini na udongo mwekundu uko juu. Na bendera ya nchi, kijani, na ule mkono ulioshika mwenge, inapepea pale kwenye shuka, mlingoti ukianzia juu, moto ukiangalia chini.

Miaka tisa nilichora kitu hiki na sikuwa nimekiona hata mara moja. Machozi yalinijia, niseme ukweli, na sijui kama yalikuwa ya uzuri au ya hasira. Watoto walikuwa wameinama, wanachungulia katikati ya miguu yao ili uwanja usimame sawasawa, na binti yangu alikuwa mmoja wao, kisigino kwa kisigino na wenzake, ana furaha ambayo sikuwahi kumpa. Hakuona kwamba nimeingia.

Kuhusu kile kicheko: mtoto mmoja alipoiona bendera kwenye shuka alisimama wima, mikono ubavuni, kimya, kama tulivyofundishwa wote kusimama bendera inapopandishwa. Alisimama peke yake mbele ya wenzake walioinama. Ndicho walichokicheka. Walimcheka yeye, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Hayo nayajua kwa sababu binti mmoja aliyekuwa mlangoni alinieleza pale pale, bila kuulizwa.

Nilitoka. Kutoka la tano hadi ofisi ya direkta ni hatua chache tu, na katika hizo hatua nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Mtu asije akanitetea kwamba nilipandwa na hasira.

"Sitwayen direkta," nikasema, "bendera ya inchi iko kichwa chini mu kalasi ya tano. Na batoto banacheka."

Kila neno lilikuwa kweli. Direkta akaweka kalamu. "Unasema bendera?" "Njo vile. Nimeona na macho yangu." Aliamka akafunga kifungo cha juu cha abakosti, na nikaona vidole vyake vinakosa tundu la kifungo. Wakati ule watu walikuwa wameshapoteza kazi kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilijua. Ndiyo maana nilichagua kuanza na bendera, nikamalizia na kicheko.

Alienda akaona. Nilisikia kila kitu kutoka darasani kwangu. "Igeuze," akasema. "Haiwezekani, Sitwayen direkta, nuru njo iko vile." "Nasema uigeuze." Kijana, kwa ule upole wake: "Tukiigeuza bendera, itabidi tugeuze na jua." Alikuwa anaeleza. Direkta alisikia jeuri. Mablanketi yakashushwa.

Kesho yake tuliitwa wote wawili ofisini. Kulikuwa na mtu wa tatu, ametoka komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, hakutaja jina wala kazi yake, amekaa kwenye kiti cha direkta na direkta amesimama. Kabla ya kuingia nilifanya jambo moja. Nilirudi darasani, nikachukua kitambaa, nikafuta tablo yangu. Ilikuwa Alhamisi. Watoto waliniangalia bila kuelewa. Niliifuta kwa sababu mshumaa wangu nao ulikuwa kichwa chini, na ulikuwa hatua chache tu kutoka ofisini.

Direkta ndiye aliyeniuliza. Nadhani alitaka kumwokoa kijana, na alinichagua mimi kwa sababu aliniamini. "Sitwayene, wewe uko na miaka tisa unafundisha haya mambo. Huyu anasema picha ikipita mu tundu lazima ipinduke. Ni kweli?"

Kijana aligeuka kuniangalia. Sijawahi kuona uso uliotulia hivyo. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Mwalimu wa nuru ameulizwa swali la nuru. Hata alitabasamu kidogo, kama anayesema tutacheka baadaye.

"Mimi nafundishaka na mushumaa," nikasema. "Mambo ya bendera, sijayafundisha hata siku moja."

Alingoja niendelee. Yule mtu wa komuni aliandika. Kijana aliendelea kungoja, kichwa amekiinamisha kidogo upande wangu, hadi direkta alipomwambia kwamba anaweza kutoka.

Hawakumfunga, Mungu asifiwe. Walimhamisha tu, kabla wiki haijaisha, shule moja ya vijijini mbele ya Kavumu, akafundishe la kwanza kusoma na kuhesabu. Ijumaa alikuja mlangoni kwangu, shuka limekunjwa chini ya kwapa, vioo vya wasichana ndani ya beseni, anataka nimsaidie kuvirudisha. "Ubakie muzuri, Maman," akasema. "Kuko swali moja ya upinde wa mvua, sikuimaliza na batoto. Utabasaidia?" Nikasema ndiyo. Sijui hadi leo kama alijua ni mimi niliyekwenda kwa direkta. Nimemgeuza kichwani mara elfu, na kila mara uso wake ni uleule.

Upinde wa mvua sikuufundisha.

Enspekta alikuja, akasimama mbele ya jicho langu la rangi nne pamoja na zambarau, akasema ni kazi ya kupigiwa mfano. La sita likabaki langu. Ungedhani wivu uliondoka naye kwenye lori la Kavumu. Wapi. Sasa ulikuwa hauna mtu wa kumshika, ukawa unashika kila kitu. Nilimwona binti yangu ameinama juu ya dimbwi la maji yaliyomwagikiwa petroli, anahesabu rangi, na nikauonea wivu hata ule mgongo wake. Nilimnyang'anya mtu kazi, lakini alichokiweka machoni mwa mtoto wangu sikuweza kukifikia.

Septemba wakaja kwangu, wote, lile darasa lake. Walikuwa watoto watulivu mno. Walinakili, walikariri, hawakucheka. Binti yangu alikaa benchi la tatu, na darasani aliniita Sitwayene kama wenzake. Niliogopa wiki ya nuru kuliko nilivyowahi kumwogopa enspekta yeyote. Ilipofika nilichora kila kitu isipokuwa mshumaa wa upande wa kulia. Nilijiambia hawa wameona kwa macho, watajibu wenyewe. Nadhani nilikuwa nataka watamke, ili jambo lile lisemwe mle ndani na nipumue.

"Picha inakuwa namna gani?" nikauliza.

Hakuna mkono ulioinuka. Nikauliza tena. Nikamwita msichana wa benchi la mbele, aliyekuwa hodari wao. Akasimama, mikono mgongoni. "Iko wima, Sitwayene." Nikadhani amekosea. Nikamwita mwingine. "Iko wima." Nikamwita yule mtoto aliyesimama wima mbele ya bendera. Akaangalia sakafu. "Wima, Sitwayene." Nikapita benchi kwa benchi, sauti yangu inapanda, na wote wakajibu hivyohivyo, bila kusitasita, kama kitu walichokariri. Mwisho nikamwita wangu. Akasimama, akaniangalia machoni. "Iko wima."

Nikachora mshumaa wa kulia kichwa chini, nikaandika maneno, wakanakili.

Jioni, tukiwa jikoni, yeye anachambua maharagi na mimi nawasha makaa, nikamuuliza. Nikamwambia wewe uliona. Uliinama ukaona. Kwa nini unasema uongo mbele ya darasa langu?

"Ni juu yako, Maman, juu ya kukulinda," akasema, bila kuacha kuchambua. "Sitwayen alisema imepinduka, mutu akaenda kumuambia direkta, bakamupeleka Kavumu. Nikaambia benzangu, hata Maman akiuliza, tuseme wima, basimupeleke na yeye. Bote bakakubali."

Makaa yalikuwa hayajashika. Nilipuliza muda mrefu ili nisimwangalie. Kisha nikamwambia kwamba mwaka huu kuna mtihani wa serikali, na kwenye karatasi ya mtihani aandike ukweli, aandike imepinduka, na awaambie wenzake wote waandike hivyo.

Alitoa jiwe dogo kwenye maharagi akalitupa mlangoni.

"Uko na hakika, Maman," akauliza, "hakuna mutu ataenda kumuambia direkta?"

Nikamwambia nina hakika.